Nepi za sanduku la mama: nilipigana na doa, sikuuliza lilitoka wapi

Wakuu, hamjambo humu ndani. Leo sina utani mwingi. Haya nitakayoandika yalinipata mimi na mtoto wangu, na sitaongeza chumvi. Huku kwetu chumvi iko ya kutosha kwa maji.

Wiki jana kuna dada aliuliza humu swali la kawaida kabisa. Nepi za kitambaa za mtoto wa kwanza azihifadhi vipi mpaka apate wa pili, zisiliwe na mende?

Comment iliyopata likes nyingi kuliko zote ilisema: "Fua, kausha, kunja, weka kwa sanduku na mothballs. Zitakaa hata miaka kumi."

Kwa wasiozijua kwa hilo jina, ni ile mipira midogo myeupe yenye harufu kali. Inauzwa sokoni kwa vipakiti. Wengi tunaiweka kwa nguo, wengine kwa choo.

Nilianza kumjibu huyo wa likes nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mara ya tatu nikaona hii haitoshi kwa comment, acha nifungue uzi.

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko sokoni Kathonzweni. Nilizaliwa Kabati, upande wa Kitui, nikaolewa huku Makueni. Nina watoto watatu. Mwende ndiye mkubwa, msichana. Akafuata Musau. Wa mwisho ni Mutinda, na uzi huu ni wake.

Sasa, mambo ya majina. Kwetu Wakamba mvulana wa kwanza huchukua jina la baba ya mume. Wa pili ndiye huenda upande wa mke. Kwa hivyo Mutinda ni jina la marehemu baba yangu, na mwaitu, yaani mama yangu mzazi, alimngoja huyo mtoto kuliko nilivyomngoja mimi niliyembeba.

Alipopigiwa simu kwamba ni mvulana, hakuuliza kilo wala kama nimeshonwa. Aliuliza, "Mume wangu amefika salama?"

Ndivyo alivyomwita tangu siku hiyo. Mume wangu.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ili mnielewe. Mambo ya nepi mimi nilikuwa profesa. Wamama walikuwa wanapita kibandani kununua kitambaa na kuniuliza namna ya kufua, na mimi naringa.

Nilikuwa nawaambia, choo kitoe pale pale na maji kidogo, usingoje kikauke. Nepi za mkojo zifuliwe peke yake. Usitie ile dawa ya kulainisha nguo hata kama inanukia vizuri, kwa sababu kitambaa kinakataa kunywa, na mkojo wote unapita mpaka kwa mgongo wa mtoto. Na ukifulia maji yetu ya kisima, ambayo sabuni haitoi povu ila inaganda kama maziwa yaliyoharibika, tafadhali suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Hata lita tano tu. La sivyo nepi inakauka ngumu kama gunia na inamchubua mtoto.

Na kila kitambaa kinachoingia kwako kutoka nje, kiwe kipya, kiwe cha zawadi, kifue kwanza kabla hakijagusa mtoto. Hiyo nilikuwa nawaambia kila siku. Mganga hajigangi.

Mutinda alizaliwa wakati wa ukame mbaya. Siku ya tatu mwaitu akaja kutoka Kabati na mfuko wa sisal. Aliuweka kitandani, akaufungua polepole, na chumba chote kikajaa harufu ya sanduku lake.

Mtu ambaye hakulelewa na sanduku la bati hawezi kuelewa. Hiyo harufu kwangu ilikuwa ni Jumapili. Ilikuwa ni suti ya baba, ni kitambaa cha meza cha Krismasi, ni nguo ya kwenda kupigwa picha. Kitu kikinuka hivyo, ujue kinaheshimiwa. Nilivuta pumzi mpaka machozi yakanilengalenga, nikamkumbuka baba.

Zilikuwa nepi ishirini na nne, nyeupe, zile nzito za taulo. Baba alizinunua Machakos wakati wa mtoto wao wa kwanza, Kyalo, ambaye mimi sikumwona. Alikufa akiwa na siku tisa. Kisha nikavaa mimi, kisha dada yangu Ndanu ambaye ndiye kitinda mimba. Baadaye zikarudi sandukuni, na kila mwaka mwaitu alikuwa anatia mipira mipya. Mwende na Musau hakuwapa. Hao walikuwa wa majina ya kule kwa baba yao. Alikuwa anangoja wa kwake.

Niliinuka nikachukua karai nizifue. Hiyo ndiyo kawaida yangu.

Mwaitu akanishika mkono. "Unaenda kuzifua na nini? Hizi nilizifua na maji ya mvua, sabuni ikatoka yote. Ukiziweka kwa haya maji yenu ya chumvi utaziharibu siku moja tu."

Na wakuu, alikuwa sawa. Wiki hiyo mashine ya kisima ilikuwa imekufa. Maji yalikuwa yanakuja na punda, mtungi kwa mtungi, na yalikuwa ya chumvi kuliko kawaida. Nikiangalia hizo nepi laini, zimekunjwa kama vitabu, kweli ningezitia kwa hiyo takataka?

Nilirudisha karai ukutani.

Nikampaka Mutinda mafuta kutoka shingoni mpaka kwa vidole vya miguu, kama tunavyofanya sote. Nikamvalisha nepi ya sandukuni, nikafunga pini, juu yake plastiki, juu yake shali. Mwaitu akampokea na kumwimbia.

Mwende alikuja kunusa ndugu yake. Akasema, "Kamtoto kananuka sanduku ya susu."

Susu ni nyanya. Tulicheka sana. Hicho kicheko nakisikia hadi leo na sikipendi.

Sheria ya pili ya mwaitu ilikuwa kwamba nepi za mtoto mchanga hazianikwi nje. Na hii alikuwa na sababu yake. Kyalo alipokuwa na siku tatu, jirani yao pale Kabati, mama mmoja anaitwa Syombua, alikuja kuona mtoto na chupa ya uji. Akasimama kwenye kamba ya nguo akasifu nepi, akaingia ndani akamwangalia mtoto akasema, "Kanang'aa kweli." Siku sita baadaye Kyalo akafa. Mwaitu aliamua ni macho ya Syombua. Tangu hapo hakumsalimia tena. Mimi nimekua nikijua kwamba njia ya kwenda kisimani inazunguka shamba, na sababu ni kutopita mlangoni kwa Syombua.

Kwa hivyo kwangu nepi zikawa zinaanikwa ndani, juu ya kitanda, madirisha yamefungwa. Harufu haikuwa na pa kutokea.

Siku ya nne niliona macho ya Mutinda yana rangi ya manjano.

Sikushtuka. Mwende pia alikuwa na manjano kidogo alipozaliwa, ikaisha. Mwaitu akasema awekwe kwa jua la asubuhi. Jirani akasema jua. Mama mkwe kwa simu akasema jua. Kila mtu ana digrii ya jua.

Kliniki walikuwa wameniambia waziwazi nikitoka: ukiona manjano, rudi naye. Hawana makosa, niliambiwa. Nilisema kesho.

Nikakaa naye juani kila asubuhi, amefungwa na hizo hizo nepi, zinapata joto, zinazidi kunukia. Nilikuwa namuona anapona.

Siku ya tano nikaona doa.

Nilikuwa nafua. Nepi ya mkojo tu, haina choo, na katikati ina rangi ya strungi. Chai kavu kabisa, ile ya kuchemka mpaka inawasha ulimi. Nikafikiri ni kutu ya sanduku. Nikafikiri ni maji ya punda. Sikufikiri hata mara moja kwamba imetoka ndani ya mtoto.

Nilifanya nini? Nilifanya ufundi. Nikakamua ndimu, nikatia chumvi, nikasugua. Nikaloweka na maji ya moto. Doa likafifia nikafurahi. Nepi ya pili nayo ikatoka hivyo hivyo. Ya tatu ikawa nyeusi zaidi. Nikakasirika kabisa, nikatumia mtungi mzima wa yale maji matamu niliyokuwa nimeyaficha ya kupikia. Mwisho nikavunja sheria ya mwaitu. Nikatoa nepi nne nje nikazitandaza juu ya ua wa miti, jua lizing'arishe.

Siku mbili, wakuu. Siku mbili nzima nilipigana na doa. Mtoto alikuwa ananiandikia barua kwa nepi na mimi nafuta.

Siku ya saba akawa mpole. Hanyonyi vizuri, halii, analala tu. Mwaitu akasema, "Mume wangu hana makelele kama babu yake." Nikaona afadhali, angalau nitapumzika.

Siku ya nane asubuhi alilia. Sijawahi kusikia kilio kama hicho, kembamba, cha juu, hakikuwa kinaomba kitu. Na mgongo ukajikunja kinyumenyume, kichwa kikarudi nyuma. Mume wangu, baba Mwende, alikuwa anafunga mzigo wa kwenda shambani. Aliacha kila kitu pale kwa mlango. Tukamkimbiza Wote, hospitalini.

Aliyetupokea ni muuguzi mzee kidogo, miwani kwa kamba. Alifungua shali na hakuangalia mtoto kwanza. Alinusa.

"Mama, hii harufu ni ya nini?"

"Ni nepi. Zilikuwa kwa sanduku ya mamangu."

"Ulizifua kabla umvalishe?"

"Zilikuwa zimefuliwa."

"Nimekuuliza wewe. Ulizifua?"

Nikasema hapana. Fundi wa nguo, profesa wa nepi, nikasema hapana.

Alimvua kila kitu. Nepi, fulana, shali, hata kofia. Akaviingiza kwa mfuko wa plastiki, akafunga fundo mbili, akautoa nje ya wodi. Mutinda akabaki uchi kwenye meza na nikaona mwili wote kwa mwanga wa dirisha. Alikuwa wa manjano kama embe, mpaka kwa nyayo.

Daktari alikuwa kijana. Aliniuliza mkojo una rangi gani, nikasema strungi. "Tangu lini?" Nikasema siku ya tano. Aliandika, na hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Alitueleza baadaye, mtoto akiwa chini ya ile taa ya bluu na damu ya mtu mwingine inaingia polepole. Nitaandika jinsi nilivyoelewa, wenye kusomea watanirekebisha.

Kuna watu damu yao imezaliwa bila ulinzi fulani. Mwenyewe unaweza kuishi usijue. Inaonekana sana sehemu ambazo malaria imekaa vizazi na vizazi. Mtu kama huyo akikutana na vitu fulani, chembe za damu zinapasuka. Ile mipira myeupe ni mojawapo. Harufu yake inaingia kwa pumzi, inaingia kwa ngozi, na ngozi ikiwa na mafuta inaingia vizuri zaidi. Damu ikipasuka mkojo unakuwa mweusi, manjano inapanda, na kwa mtoto mchanga ikizidi inafika kwenye ubongo.

"Na hiyo damu ameitoa wapi?" baba Mwende akauliza.

"Kwa mama," daktari akasema. "Wanawake wengi wanabeba tu, hawaugui. Inawaangukia vijana wa kiume zaidi. Kama una dada, mwambie."

Kwa hivyo sanduku lilikuwa la mamangu na damu ilikuwa yangu. Baba Mwende akanishika bega. Kwa hilo namshukuru mpaka nife.

Mutinda hakufa.

Nasema hivyo kwa sababu watu husikia "hakufa" wakasema Mungu ni mwema, mazungumzo yakaisha. Mutinda sasa anakaribia miaka minne. Hakai peke yake. Hasikii. Macho yake hayapandi juu, ukitaka akuone ni wewe ushuke. Mikono inajikunja yenyewe. Ana kicheko kizuri sana, hicho hakikuguswa.

Na bado anavaa nepi. Namshonea mwenyewe, saizi ambayo hakuna duka linauza. Kila miezi michache naongeza inchi.

Sasa nifike kwa kosa langu la pili. La kwanza lilikuwa la kutojua. Hili lilikuwa la woga.

Mwaitu sikumwambia, wala Ndanu, asije akamfikishia.

Alipokuja hospitalini nilisema ni manjano. Akauliza imetoka wapi, nikasema madaktari bado wanaangalia. Baba Mwende alitaka nepi zilizobaki nyumbani zichomwe. Nilimkataza, nikamwambia huyu mama amezika mume, amezika mtoto, unataka nimwambie amefanya nini? Tulinyamaza sote wawili.

Mwaitu alipopata nafasi alizikusanya mwenyewe. Akazifua na maji ya mvua yake kule Kabati, akazikunja, akazirudisha sandukuni.

Na kwa kuwa mtu hawezi kukaa bila sababu, alitafuta yake. Aliziona zile nepi nne juu ya ua.

"Nilikwambia usianike nje," alinambia. "Nilikwambia. Sasa umeona walivyomtazama."

Nikasema, "Ndiyo, mwaitu."

Miaka yote hiyo nimekubali. Kila akija ananikumbusha, na mimi nanyamaza. Nilifikiri huo ndio upendo, kumbebea mzigo asiujue. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake.

Mwezi uliopita dada yangu Ndanu akanipigia simu. Ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Amerudi Kabati kwa mwaitu ajifungulie huko. Tukaongea mambo ya miguu kuvimba, tukacheka, kisha akasema:

"Halafu mwaitu ashanitolea zile nepi za taulo. Anasema nisifue, eti zilifuliwa na maji ya mvua. Na nisianike nje kama wewe. Si unajua vile yeye huwa."

Simu ilinitoka mkononi ikaangukia kwa vitambaa. Nilipoiokota Ndanu alikuwa bado anaongea. Nikamwambia azitoe kwa chumba anacholala, afungue dirisha, asiulize, nakuja. Siku ya pili nilikuwa Kabati.

Mwaitu alikuwa amekaa nje anachagua ndengu kwenye uteo. Nikakaa chini mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga kuanza na damu yangu, nikachelewesha sanduku hadi mwisho. Yakatoka yote kwa pamoja, ovyo, nepi, muuguzi, strungi, taa ya bluu.

Aliendelea kuchagua ndengu. Mawe huku, mbovu huku. Nilipomaliza bado mkono wake ulikuwa unaenda.

Kisha ukasimama.

Nilingoja aulize, "Ni mimi?" Jibu nilikuwa nalo, nililibeba kutoka Kathonzweni. Hakuuliza hivyo.

"Kyalo mkojo wake ulikuwa hivyo," akasema. "Strungi. Mimi ndiye nilikuwa nafua."

Sikuwa nimefikiria Kyalo, wakuu. Naapa. Daktari aliniambia dada, akaniambia watoto wa kiume, na mimi nilikuwa naangalia mbele tu. Sikugeuka nyuma hata mara moja.

"Alikuwa manjano hata ndani ya mdomo," akasema. "Zile nepi baba yenu alizileta mapema, mimba ikiwa ya miezi mitano. Nikaziweka kwa sanduku nilipewa siku ya harusi. Niliona watu wa mjini wakiweka hizo dawa nyeupe. Nikasema za mtoto wangu ziwekwe vizuri."

Akausukuma uteo kando.

"Syombua alisema kanang'aa. Aliona. Alikuwa ananiambia."

Ndanu alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu ya tumbo.

"Alikuja na uji," mwaitu akasema. "Nilimrudishia chupa na uji ukiwa ndani. Nilimwaibisha mbele ya watu. Na yeye alikuwa ametoka kujifungua wake, huo unga aliutoa kwa mdomo wake."

Syombua tulimzika mwaka jana. Nasema tulimzika, mimi nilikwenda. Kijiji kizima kilikwenda, kanisa lilijaa. Mwaitu alibaki shambani peke yake anapanda.

Aliinuka akafuta mikono kwenye leso. Akaenda. Nikamfuata kwa mbali. Hakuzunguka shamba, alikata katikati, ile njia ambayo sijawahi kumwona akiipita. Akafika mlangoni kwa Syombua akasimama. Nyumba imefungwa, watoto wake wako Nairobi. Alishika kufuli, akaliachilia. Akakaa chini kwenye kizingiti kama mgeni anayengoja mwenyeji arudi.

Sijui alisema nini. Midomo ilikuwa inasonga.

Aliporudi aliburuta sanduku nje mwenyewe, hakutaka msaada. Suti ya baba aliitundika kwa jua. Ile mipira na nepi zote ishirini na nne, pungufu ile iliyobaki hospitalini, alizitumbukiza kwa choo cha shimo. Moja moja. Nilitaka kumsaidia akasema niache.

Tangu siku hiyo hajamwita Mutinda "mume wangu." Anamwita jina lake tu. Hilo linaniuma na sijui namna ya kumrudishia.

Ndanu alijifungua wiki mbili zilizopita. Mvulana. Tulisema kila kitu kliniki kabla hajazaliwa, na wamechukua damu ya kupima. Nepi zake nilizishona mimi, pamba mpya. Mwaitu alizifua mara tatu na maji ya mvua aliyokuwa amebakiza kwenye tangi. Nilipoenda kumwona mtoto nilizikuta zimeanikwa nje, kwenye kamba iliyo karibu na barabara kabisa. Kila anayepita anaziona. Mwaitu ndiye aliyezianika. Kabla ya kumvalisha mtoto ananusa kila moja, pande zote mbili, kisha ananipa na mimi ninuse.

Kwa hivyo dada uliyeuliza, jibu lako ni hili. Nepi zikaushwe jua kali, ziwekwe kwa mfuko safi wa kitambaa au ndoo yenye kifuniko, bila kitu kingine chochote. Mende wakila moja utashona nyingine. Kama tayari ziliwekwa na ile mipira, usijidanganye kwamba kufua kunatosha, mimi sizivalishi mtoto tena. Nguo, blanketi, shali, vyote. Manjano ikitokea usiende juani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiona doa la rangi ya chai kwenye nepi, weka sabuni chini. Ichukue hiyo nepi hivyo ilivyo, na mtoto, uende nayo.

Na wewe wa likes nyingi, sikutukani. Ulisema kile mama zetu wote walisema. Lakini nakuomba ufute.

Kama kuna mtu humu nyumbani kwao kuna mtoto aliyekufa mchanga, wa manjano, na mpaka leo kuna jirani hasalimiwi, ulizeni nepi zilikuwa zimewekwa wapi. Andikeni hapa chini. Hata kama ni kunilaumu, andikeni, nimezoea.

Nitasoma nikirudi. Mutinda ameamka, na nepi zake za jana ziko kwa karai.